Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Daktari Mwanafunzi Akija na Utafiti Wake

(Maneno haya yalizungumzwa na wahudumu wa maendeleo ya jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mukumu. Tumeyaandika ili wale ambao hawakufika wayasome, na kila kikundi kiyajadili kwa wakati wake.)

 

Mlituuliza swali, na leo tumekuja kulijibu. Mlisema: "Hawa madaktari vijana wanaokuja hospitalini na karatasi za kutia sahihi, wanataka nyama ya ugonjwa wetu waipeleke wapi? Wengine wanataka hata kupima maiti. Je, ni kazi ya kweli ama wanatufanya panya wa majaribio?" Swali ni zuri. Kuuliza si ujinga. Tutalijibu polepole, na mahali ambapo hofu yenu ni ya haki tutasema hivyo.

Kupima ugonjwa ni kazi gani?

Yupo daktari ambaye mgonjwa huwa hamwoni. Anaitwa daktari wa patholojia. Kazi yake ni kutaja jina la ugonjwa. Mama akiwa na uvimbe kwenye titi, daktari wa upasuaji anakata kipande kidogo. Kipande hicho kinatiwa ndani ya dawa inayoitwa fomalini ili kisioze. Kwenye maabara kinakaushwa maji, kinazungushiwa nta kama mshumaa, halafu kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Daktari anaangalia kwa hadubini, ile darubini ya kuonea vitu vidogo. Hapo ndipo anapoweza kusema: huu ni uvimbe wa kawaida, au hii ni saratani, na ni saratani ya aina gani.

Bila jina hilo, daktari wa kutibu anafanya kazi gizani. Atakata pasipo na haja, au atatoa dawa ambayo siyo.

Daktari huyo huyo ndiye anayepima mwili wa marehemu ili kujua kilichoua. Hapa Mukumu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kungoja majibu. Mwaka 2023 Shule ya Wasichana ya Mukumu ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua, na wanafunzi na mwalimu wakapoteza maisha. Mnakumbuka siku zile. Kila mtu alikuwa na jibu lake: maji, chakula, sumu, mkono wa mtu. Baadaye Wizara ya Afya ilisema vipimo vimeonyesha vijidudu vya E. koli na vya salmonela, yaani uchafu ulioingia katika chakula au maji. Uvumi ulikimbia mbele na majibu yakafuata nyuma. Lakini ni majibu yaliyoonyesha cha kurekebisha.

Kwa nini mwanafunzi afanye utafiti?

Kijana akimaliza Kidato cha Nne na kupata alama za kusomea udaktari, anasoma chuo kikuu karibu miaka 6. Anafanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya uangalizi. Hapo ni daktari kamili. Akitaka kuwa bingwa wa patholojia anarudi chuoni, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere kule Kampala, au Muhimbili kule Dar es Salaam. Pale Nairobi masomo hayo ya ubingwa huchukua miaka 4.

Katika miaka hiyo hakai darasani tu. Mchana yuko maabara na mochari akifanya kazi chini ya walimu wake, usiku anasoma. Na kabla ya kupewa shahada ni lazima afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandika kitabu, yaani tasnifu. Kwa hiyo akija kwenu na karatasi, hakutumwa na kampuni kuuza kitu. Ni kazi ya shule, lakini ni shule inayogusa miili ya watu. Ndiyo maana ina sheria, na tutazifikia.

Kuna faida gani ya kumlazimisha mtu aliyechoka kufanya utafiti? Faida ni kwamba mtu anayepima bila kuuliza maswali huwa kama mashine ya kusagia: chochote utakachotia, anasaga. Mtu aliyefundishwa kuuliza ataona kwamba mwaka huu vipande vya koo vimekuwa vingi, na vingi vimetoka upande mmoja. Atashangaa. Mshangao huo ndio mwanzo wa kinga.

Mfano wa Mulago

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaanza kuuliza. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt.

Sasa sikilizeni vizuri. Burkitt hakuwa daktari wa patholojia, na peke yake asingefika mbali. Pale Mulago walikuwepo madaktari wa patholojia, Jack Davies na Gregory O'Conor. Walikuwa na daftari la saratani na vipande vilivyotunzwa katika nta. Walipofungua makabati na kuangalia upya vipande vya watoto, waliona kwamba saratani ya watoto iliyokuwa ikiitwa kwa majina mbalimbali, karibu nusu yake ilikuwa ni ugonjwa huo mmoja. Hazina ilikuwa kabatini, ikingoja mtu wa kuuliza.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka Afrika, safari ya karibu kilomita 16,000, wakiuliza katika kila hospitali: "Mmewahi kuona mtoto kama huyu?" Walikuta kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi hauko. Baadaye ilijulikana kwamba unaambatana na malaria kali. Eneo letu la kuzunguka Ziwa Viktoria limo katika ukanda huo. Ni jambo la watoto wetu hili.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein. Siku moja ndege ilicheleweshwa na ukungu, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangekitupa. Yeye aliangalia kwanza, akakuta kwamba huo "uchafu" ni chembe hai za uvimbe. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kirusi kipya kilichopatikana ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na dawa zilitafutwa. Watoto wengi wenye ugonjwa huo wanaweza kupona wakipelekwa hospitali mapema.

Lakini tuseme na upande wa pili. Majina ya madaktari hao yamo vitabuni. Majina ya watoto wa Kampala waliotoa vipande hivyo, na ya mama zao waliokaa nao wodini, nani anayajua? Tukumbuke jambo hili tutakapofika kwenye haki.

Mifano ya karibu zaidi

Katika magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa saratani ya koo la chakula ni nyingi. Hospitali ya misheni ya Tenwek, kule Bomet, iliandika habari za wagonjwa wake na kuonyesha kwamba wamo hata vijana wa chini ya miaka 30, jambo ambalo katika nchi nyingi ni nadra sana. Baadaye watafiti waliwauliza wagonjwa wa Eldoret na watu wasio na ugonjwa huo: mnakunywa chai na uji namna gani? Majibu yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanaokunywa ikiwa moto sana wako katika hatari kubwa zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa tayari limetangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Si chai yenyewe, ni moto wake. Kinga yake je? Acha kikombe kipoe kidogo. Haigharimu hata shilingi.

Mfano mwingine uko Siaya na Kisumu. Tangu 2017 kumefanywa uchunguzi wa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5. Mwili wa mtoto haukupasuliwa. Kwa ruhusa ya wazazi, vipande vidogo vilichukuliwa kwa sindano, mwili ukarudishwa kwa mazishi, na baadaye wazazi wakaelezwa kilichopatikana. Namna hii imewafaa watu wengi ambao wasingekubali kisu. Na madaktari wa patholojia ndio wanaosoma vipande hivyo.

Ni utafiti gani unaoweza kufanyika kwetu?

Daktari mwanafunzi hana fedha nyingi wala miaka mingi. Walimu wake ni wachache na wana kazi nyingi. Kwa hiyo utafiti unaomfaa ni mdogo, wenye swali moja. Hii hapa ni mifano minne:

1. Kufungua makabati. Vipande vya nta hukaa miaka mingi bila kuharibika. Anaweza kuhesabu: kwa miaka 10 iliyopita, ni saratani gani zilipimwa, za watu wa umri gani, kutoka wapi? Hapa hamgusi mgonjwa hata mmoja, ila ni lazima afiche majina.

2. Kulinganisha. Daktari wa wodi aliandika "malaria". Uchunguzi wa mwili ulionyesha nini? Makosa yakijulikana, anayefuata anaweza kuokolewa.

3. Kufuata safari ya kipande. Kilitoka wodini lini, kikafika maabara lini, majibu yakarudi lini? Vingapi vilipotea njiani?

4. Kujaribu njia nafuu ya kupima, kwa mfano kuchukua chembe kwa sindano nyembamba badala ya upasuaji, na kuona kama majibu yanalingana.

Huo wa tatu ndio unaotuuma sisi. Tunamjua mama mmoja, hatutamtaja wala hospitali hatutaitaja, aliyekatwa kipande cha titi akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alirudi mara nne. Kila mara nauli, kila mara kuku mmoja ameuzwa. Mwisho akaambiwa kipande hakionekani, akatwe tena. Akakata tamaa akaenda kwa mganga. Alipofika tena hospitali uvimbe ulikuwa umepasuka kuwa kidonda. Alikuwa mwanachama wa kikundi, mwenye sauti ya kuimba, na ameacha watoto.

Hakuna dawa mpya iliyohitajika hapo. Ilihitajika chupa yenye jina, daftari, na mtu wa kufuatilia. Daktari mwanafunzi anayehesabu vipande vinavyopotea anaweza kuonekana anafanya kazi ndogo. Kwetu sisi ni kazi kubwa.

Je, hofu yenu ni ya bure?

Hapana, si ya bure. Kule Liverpool, Uingereza, katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, ilijulikana kwamba viungo vya watoto waliokufa vilichukuliwa na kuwekwa, hasa kati ya 1988 na 1995, bila wazazi kujua. Wazazi walikuwa wamezika wakidhani wamezika mtoto mzima. Ripoti ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2004 nchi ile ikatunga sheria mpya juu ya viungo na tishu za binadamu. Haya yalitokea katika nchi tajiri, kwa watu waliosoma. Wazazi hawakuwa wajinga walipokasirika. Walikuwa na haki.

Lakini wazazi hao hawakusema utafiti ukome. Walitaka kuulizwa. Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Na kuna hofu nyingine tusiifiche. Mtu akifa ghafla kijijini kwetu, tunazika haraka na kusema "pengine amerogwa". Baadaye mama mjane au mzee mmoja anaanza kunyoshewa kidole. Nyumba zimechomwa kwa maneno kama hayo. Tukijua kwamba marehemu alikuwa na moyo uliovimba au donge la damu kwenye mapafu, mzee yule anaweza kulala usingizi. Majibu ya daktari yanawalinda na walio hai. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Haki zako mbele ya mtafiti

Kila utafiti wa namna hii unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili kabla haujaanza, na uwe na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, iliyowekwa kwa sheria ya 2013. Habari zako nazo zinalindwa na sheria ya 2019. Kwa hiyo una haki ya:

- Kuona barua ya kamati na kibali, na kuuliza simu ya kamati kama una malalamiko.
- Kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kama ni Luisukha au Luidakho, basi iwe hiyo. Kusomewa karatasi ya Kiingereza na kuambiwa "weka kidole hapa" si kuelezwa.
- Kujua kipande kitapelekwa wapi, kitakaa muda gani, na kama kitavuka mpaka.
- Kukataa, na bado utibiwe sawasawa na wengine. Pia kukubali leo na kubadili nia kesho.
- Kutolipishwa kipimo ambacho ni cha utafiti wake.
- Kupata majibu yako mwenyewe kama yanahusu matibabu yako.

Chifu akikubali, au kikundi kikikubali, hiyo ni kufungua mlango tu. Kila mtu bado anaamua juu ya mwili wake, na familia juu ya marehemu wao. Na msimsukume aliyefiwa. Mtu anayelia hawezi kusoma karatasi. Mkalisheni, mpeni maji, na awepo mtu anayemwamini.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kumpokea mtafiti na kumwuliza maswali haya. Mhudumu wa afya ya jamii awe mmoja wao kama yupo kikundini.

Pili, yeyote atakayekatwa kipande hospitalini, aandikiwe kwenye daftari la kikundi, kama mwenyewe anakubali: tarehe, jina la maabara, tarehe ya kurudi. Mtu wa pili aende naye kuchukua majibu. Kama nauli inashinda, mfuko wa kikundi umkopeshe. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, mwambieni mtafiti: "Tumekubali, lakini utarudi." Arudi aeleze alichokuta, kwa maneno ya kawaida, hapa chini ya mti. Kitabu kikibaki rafuni chuoni, sisi tumepata nini? Muwekeeni siku ya kurudi kabla hajaanza.

Nne, mpelekeeni maswali yenu. Ninyi ndio mnaojua kwamba katika kijiji kimoja watu watatu wameshindwa kumeza chakula. Mtafiti kijana anatafuta swali zuri kwa tasnifu yake. Labda swali mnalo ninyi.

Tano, wasaidieni vijana wetu wa sayansi, wasichana kwa wavulana. Madaktari wa patholojia ni wachache, na wengi wako mijini. Msichana wa hapa akiwa mmoja wao, ataelezea mama yake kwa lugha ya nyumbani, na karatasi ya idhini haitahitaji mkalimani.

Ndugu zetu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu apokewe, apewe kiti, aulizwe. Asipotaka kuulizwa, mwonyesheni njia ya kurudi alikotoka. Akikubali kuulizwa, na akaahidi kurudi, tufanye kazi naye. 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani kati yetu, au katika jamaa zetu, aliyewahi kukatwa kipande cha kupimwa? Majibu yalifika? Yalichukua muda gani?
2. Mtu akifa ghafla kwetu, huwa tunasema nini? Maneno hayo yamemuumiza nani?
3. Familia ikiombwa ruhusa ya kuchunguza mwili, nani anapaswa kuamua? Mama wa mtoto husikilizwa?
4. Tukimpata mtafiti mmoja mwaka huu, swali letu la kwanza kwake litakuwa lipi?
5. Ni nani wawili tutakaowachagua leo, na daftari litakaa kwa nani?